Mto hauombi mukanda

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wageni mu mkutano wa Katoto, Kamina. Tumeyaandika hapa juu ya wale ambao hawakuweza kufika.



Komite ilituomba tuseme neno juu ya listi ya wanachama. Tuliitika. Lakini leo hatutaanza na listi, tutaanza na mto. Mutuvumilie kidogo, mutaona wenyewe kama mto na listi ni habari moja.

Wengi wenu mulikuwa hapa mu mkutano uliopita. Mama mmoja alisimama kuomba mbegu za mkopo. Aliulizwa: «Mama, mukanda yako ya kurudi iko wapi?» Akajibu: «Mukanda sina. Miye nilivukaka na bwato. Kisha bwato ikakwama, nikashuka, mayi ilikuwa inafika hapa.» Akaweka mkono chini ya kifua. Watu wakacheka kidogo. Halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti: «Basi wewe haukurudishwa, wewe ulipita tu.» Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama akaketi. Mbegu hakupata.

Kuanzia siku ile, chama chetu kiko sawa kijiji chenye kupasuka katikati. Huku watu wa kamyo, wale waliorudi mu msafara wa HCR, wenye mukanda. Huku watu wa bwato, wale waliorudi kwa nguvu yao, bila mukanda. Wa kamyo wanasema: «Sisi njo wa kweli.» Wa bwato wananyamaza, na wengine wameacha kuja. Sisi tunaofanya kazi pamoja nanyi, tunaopita nyumba kwa nyumba na kinga, tumeona viti vyao vitupu. Jambo hili linatuuma, na tutasema mbele juu ya nini linatuuma zaidi.

Sasa tuchore mpaka hapa chini mu vumbi. Muzee, utuazime fimbo yako.

Mpaka wa Congo na Zambia ni mrefu, unapita kilometa 2,000. Ulikatwa mu mapatano ya tarehe 12 Mei 1894, kati ya Uingereza na Léopold II, mfalme wa Wabelgiji. Hakuna babu yetu aliyeitwa kuketi pale. Na mpaka huo haukukatwa namna moja, ulikatwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni mgongo wa maji. Kutoka upande wa Angola kuja Kasumbalesa na kupita mbele, mpaka unafuata mahali pa juu ambapo maji yanagawanyika. Mvua ikinyesha upande huu, maji yanashuka Congo, na mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande ule, maji yanakwenda Kafue, kisha Zambezi, mwisho bahari ya Hindi. Mutu anaweza kusimama pale, na matone mawili yanayoanguka kushoto na kuume kwake hayataonana tena. Kule, kwa desturi ya mpaka wenyewe, hakuna mto unaoukata, kwa kuwa mito inaanzia pale.

Namna ya pili ni Luapula. Pale mpaka uko ndani ya mto wenyewe, unafuata mkondo wa maji yenye kina. Mvuvi wa huku na mvuvi wa kule wanaonana uso kwa uso, wanasalimiana kwa Kibemba, nyavu zinagusana. Mu ziwa Mweru mpaka unakatiza majini, lakini waliupinda kidogo ili kisiwa cha Kilwa kibaki upande wa Waingereza. Njo maana mpaka leo kisiwa ni cha Zambia, na mji wa Kilwa, kando ya ziwa lile lile, ni wa Congo. Jina moja, serikali mbili.

Namna ya tatu ni rula. Waliweka kidole kimoja ku rasi ya Akalunga, kwenye ziwa Tanganyika, na kidole kingine pale mto unatoka mu ziwa Mweru, ndiyo kusema upande wa Pweto, wakavuta mstari wa moja kwa moja. Mstari ule ulikatwa mezani kule Bruxelles. Haukuona kilima, haukuona shamba, haukuona kijito. Kwa hiyo kipande hiki kimesumbua. Mu 1989 Zaire na Zambia waliweka mkataba mwingine juu yake, na bado mu 2020 kulikuwa magomvi kule Moliro na Kibanga, mu teritware ya Moba, mpaka SADC ikaingia kati. Ikiwa wakubwa wenye vyombo vya kupimia wamechukua zaidi ya miaka 100 bila kumaliza kujua mpaka unapita wapi, basi tusimhukumu haraka mama aliyeuvuka usiku na mtoto mgongoni.

Na pale, karibu na Pweto, njo mto wetu: Lunkinda.

Wale waliopita pale wanaujua. Wale hawakupita, musifikiri Lualaba. Lunkinda ni mto mdogo. Mutu akiita ngambo hii, wa ngambo ile anasikia. Lakini kwa mkimbizi ukubwa wa mto haupimwi kwa mita. Unapimwa kwa kile kinachokufuata nyuma.

Mwanzo wa Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, askari na raia walikimbilia pale pamoja. Kivuko kilikuwa kidogo, watu na magari ni mengi. Magari yalichomwa na kuachwa kando ya maji. Maelfu ya watu wakaingia Zambia, wengine kwa Lunkinda, wengine kwa ziwa, wengine kwa njia za pori. Wengi walipelekwa kambi ya Kala, upande wa Kawambwa, na wengine Mwange, upande wa Mporokoso. Kuna watoto waliozaliwa kule na kujifunza kuhesabu kwa Kiingereza. Leo ni batata wenye familia, na wengine wao wako hapa wanatusikiliza.

Sasa tazameni maji yanakwenda wapi. Maji ya Lunkinda hayabaki pale mpakani. Kona ile yote inamwaga maji yake upande wa Mweru na Luvua. Kalungwishi, mto wa Zambia, nayo inaingia Mweru kutoka mashariki. Na Luapula inaingia kutoka kusini, imebeba maji ya Bangweulu na ya Chambeshi. Yote hayo yana mlango mmoja wa kutokea: Pweto. Pale inaanza Luvua. Inashuka kwa maporomoko, inapita Piana Mwanga, ambapo walijenga mtambo wa umeme juu ya migodi ya Manono, inafika Kiambi, kisha Ankoro, na pale inajitupa mu Lualaba. Kutoka Ankoro maji yanapita Kabalo.

Kabalo, bandugu! Pale ambapo wengi wenu mulingojea treni ya kuja Kamina. Mulilala kando ya reli siku ngapi? Wengine wiki mbili, wengine mwezi. Na maji muliyochota asubuhi ya kupikia bukari, ndani yake kulikuwa maji ya Zambia, maji ya kule mulikotoka. Yalikuwa yamefika mbele yenu. Hakuna aliyeyauliza mukanda.

Tuongeze neno moja. Mto Congo, huu ambao nchi yetu imebeba jina lake, ukitafuta chanzo chake cha mbali kuliko vyote, watu wa jografia wanakupeleka Chambeshi, kaskazini ya Zambia. Ndiyo kusema hata mto Congo unaanzia ngambo, unavuka mpaka, unaingia nyumbani. Na Lomami, inayoanzia upande wetu huu wa Kamina, inakwenda kukutana nao kule Isangi, chini ya Kisangani. Lomami haimwambii ndugu yake: «Wewe ulitoka Zambia, simama pembeni.» Wanachanganyika, wanaendelea safari.

Tunajua mutu anaweza kutujibu: «Hayo ni mazuri, lakini mutu si maji. Chama kina kanuni, wafadhili wana kanuni.» Ni kweli. Kwa hiyo tutoke ku maji tuende ku mvua, juu mvua njo inaeleza kwa nini kuna watu wa kamyo na watu wa bwato.

Misafara ya HCR ilianza 2007. Wengine walipanda mashua Mpulungu kwenda Moba kwa ziwa Tanganyika, wengine kamyo kuelekea Pweto. Iliendelea mpaka 2010, mwaka kambi za Kala na Mwange zilifungwa. Lakini barabara za kule munazijua. Mvua ikianza kukomaa, kamyo inazama, daraja la miti linaondoka, na misafara inasimama mpaka kiangazi.

Sasa mujiweke mahali pa familia moja. Imejiandikisha kurudi. Imeuza kuku, imefunga vyombo. Mwezi wa 9 unapita, zamu yake haijafika. Mwezi wa 10, bado. Mwezi wa 11 mvua inaanza, wanaambiwa: muvumilie, mutaenda mwezi wa 5 mwaka kesho. Na mahindi yanapandwa lini kwetu? Si mwezi wa 5! Yanapandwa mvua zinapoanza. Mutu akingoja kamyo ya mwezi wa 5, atafika nyumbani kwa kiangazi, udongo mgumu sawa jiwe, atangoja mvua nyingine, atavuna mwaka unaofuata. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya mwaka mzima bila chakula cha mkono wake.

Mkulima anajua hesabu hiyo bila karatasi. Basi akachukua mbegu, akachukua jembe, akashika njia kabla udongo haujalowa sana, akatafuta mwenye bwato. Alivuka juu ya haraka ya shamba. Mukanda ilibaki kambini mu ofisi, yeye akaenda kulima. Huyo njo tunamwita «mpita njia»?

Kuna wengine walivuka juu muzee alikuwa anakaribia kufa na alitaka kuzikwa kwao. Wengine juu mtoto wao alikuwa amebaki Congo. Wengine, tuseme ukweli, juu waliogopa tu majina yao kuandikwa mahali popote, na ukitazama yale waliyopitia, hatuwezi kuwashangaa.

Na habari hii haikuisha 2010. Mu 2017 watu wa Pweto na wa Tanganyika walikimbia tena, na Zambia ikawafungulia Mantapala, upande wa Nchelenge. Misafara ya kutoka Mantapala kurudi Pweto ilianza Desemba 2021. Lakini mbele ya msafara wa kwanza, kulikuwa watu waliokwisha kurudi kwa miguu yao. Ni vile vile siku zote: mutu anatangulia, karatasi inafuata.

Sasa sheria. Kuna mapatano ya Umoja wa nchi za Afrika juu ya wakimbizi, ya 1969, na nchi yetu iko ndani yake. Kifungo cha 5 kinasema juu ya kurudi. Kinasema kurudi ni kwa hiari, mutu asilazimishwe. Kinasema aliyerudi asiadhibiwe juu ya kuwa alikimbia. Na kinasema kama mkimbizi anayeamua kurudi, ikiwa ni juu ya kuitwa na serikali ao ikiwa ni kwa mapenzi yake mwenyewe, apewe msaada wote unaowezekana. Musikie vizuri: kwa mapenzi yake mwenyewe. Wale walioandika 1969 waliwaona watu wa bwato. Hawakuandika «kwa kamyo tu». Kamyo tumeiandika sisi.

Na hapo tunafika ku neno linalotuuma. Bandugu, ile fomu inayouliza «namba ya mukanda ya kurudi», hamukuitengeneza nyinyi. Ni sisi. Tuliketi mu ofisi, tukatafuta namna nyepesi ya kujua nani alirudi na nani hakurudi, tukaweka kisanduku kile. Tulifikiri tunalinda mali ya wafadhili. Mutu ambaye kisanduku chake kilibaki kitupu, mashini ilimweka chini ya listi, na kila mara msaada uliisha mbele ya kufika kwake. Hakuna aliyesema «hapana» kwa mdomo. Kisanduku kilisema kwa niaba yetu. Kisha nyinyi mukachukua fomu yetu mukaifanya kanuni ya chama, juu mulituamini. Kwa hiyo mama yule akiaibishwa hapa, mkono wetu ulikuwa ndani. Tulikwenda kwake kuomba samahani. Alitupokea, akatupa karanga. Alisema tu: «Muandike vizuri.»

Tunajaribu kuandika vizuri. Hatusemi mulango uachwe wazi tu. Tunajua kuna watu hawajavuka hata kijito, wakisikia mbegu wanageuka wakimbizi siku moja. Mutu wa namna hiyo anakula sehemu ya wa kamyo na ya wa bwato pamoja. Lakini mukanda si dawa ya udanganyifu. Mukanda inauzwa, mukanda inaazimwa, mukanda inapotea mu moto wa nyumba. Wako watu wa kamyo hapa ambao mukanda yao ililiwa na mchwa. Nao tuwatoe?

Tunaleta mbele yenu mambo matatu.

La kwanza: badala ya mukanda moja, tusikilize mashahidi watatu. Wawili waliokaa naye kambini, wanaojua alikuwa mu sehemu gani, jirani yake alikuwa nani. Na mmoja wa kule kwao, anayejua siku alikimbia ao siku alirudi. Mwenye mukanda, mukanda yake ihesabiwe sawa shahidi mmoja, si sawa wote watatu.

La pili: mutu asimulie njia yake mbele ya wazee watatu, wa kamyo na wa bwato wakiwa wamechanganyika. Alipitia wapi? Mwezi gani? Maji yalikuwa juu ao chini? Alilala wapi usiku wa kwanza? Treni aliingojea Kabalo, ao alikuja kwa barabara? Njia haidanganywi kirahisi. Anayesema alivuka Lunkinda kwa miguu katikati ya mvua kubwa, wazee waliopita pale watatazamana, watajua. Lakini tuwe na huruma pia. Kuna vitu mutu hawezi kusimulia mbele ya watu wengi. Mama akiomba kusema na bamama peke yao, apewe nafasi hiyo. Na akisema «hapa siwezi kuendelea», asilazimishwe.

La tatu ni kwetu na kwa wafadhili. Sisi tunaondoa kisanduku kile mu fomu yetu. Mahali pake tunaweka: «Alirudi namna gani?» na majibu yote mawili yana uzito mmoja. Ndugu wafadhili, munaotusoma mbali na hapa, tunajua munahitaji hesabu safi, na ni haki yenu. Tutawapa hesabu. Lakini listi inaweza kuwa safi na bado isiwe ya kweli, ikiwa imesahau wale waliorudi mapema kuliko magari yenu. Wale waliorudi mapema njo walifyeka njia, njo walipanda mihogo ya kwanza, na wengi wa kamyo waliposhuka na bashe zao, walikula mihogo hiyo. Muulize mutu yeyote hapa.

Wa kamyo, neno letu la mwisho ni kwenu. Hatuwanyanganyi kitu. Mulingojea zamu yenu kwa uvumilivu, na ile si kazi ndogo. Mulifuata mulivyoambiwa. Lakini mukumbuke siku ya kwenda. Siku ya kukimbia, nani kati yenu alivuka na mukanda? Siku ile sote tulikuwa watu wa bwato. Zambia ilitupokea bila kuuliza tulivuka na nini. Itakuwa haya kubwa, ikiwa wageni walitupokea namna ile, na sisi wenyewe kwa wenyewe, nyumbani, tunashindwa.

Komite imesema kura itapigwa mu mkutano unaokuja. Hatutapiga kura sisi, chama ni chenu. Tunaomba kitu kimoja tu: kila mutu wa kamyo apite nyumbani kwa mutu mmoja wa bwato aliyeacha kuja, amwambie siku ya mkutano, na aje naye. Wapige kura wakiwa ndani, si wakiwa inje ya mulango.

Mama yule tumemwona leo. Ameketi karibu na dirisha. Mama, tunakusalimu. Mbegu za msimu huu tumekwisha chelewa, lakini mvua nyingine itakuja.